Gari la Kushukia Muze

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kama ilivyo desturi yetu.)

Ndugu msikilizaji, nimepata barua kutoka Sumbawanga. Aliyeniandikia ni mwalimu wa shule ya msingi anayekaa Katandala. Mkewe ni muuguzi katika zahanati moja bondeni, mbele kidogo ya Muze. Wana watoto watatu. Wawili wanasoma mjini na wanakaa na baba yao, na yule mdogo yuko na mama. Kila mwisho wa juma ama baba hushuka ama mama hupanda, na kwa miaka saba wamekuwa wakisafiri juu ya magunia, kwenye malori na pikipiki za kukodi.

Mwezi Februari mtoto mdogo alishikwa na homa kali usiku. Mama yake akampa dawa alizokuwa nazo, akaona hali haitulii, akampakia kwenye lori lililokuwa likipanda mjini. Lori likakwama mlimani, wakalala hapo hapo mpaka asubuhi. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini baada ya usiku ule wazazi wale waliamua kwamba akiba yao yote, pamoja na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, itakwenda kununua gari.

Swali la mwalimu ni fupi. Anasema: "Jirani yangu ananishauri ninunue Subaru Forester. Shemeji yangu aliyeko Mbeya anasema RAV4. Fundi wangu hapa mjini anasema X-Trail. Yote matatu yanasemekana kuwa ni magari ya magurudumu manne. Nimsikilize nani?"

Nilitaka kumjibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Kila nilipoanza kuandika niliona kwamba wenzake wengi, wa Rukwa na wa kwingineko kwenye milima, wamo katika swali hilo hilo, na wengine wamekwisha toa fedha kabla ya kuuliza. Ndiyo maana leo nitalizungumza hapa.

Kwa wale ambao hawajafika huko, Ufipa ni kama meza. Uso wa meza uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Magharibi iko Ziwa Tanganyika, mashariki iko Ziwa Rukwa, na maziwa yote mawili yako chini, kwenye mita 800 hivi au pungufu. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga akisafiri kufuata urefu wa meza, yaani kwenda Laela na Tunduma, au Chala na Namanyere, anakwenda kwenye nchi ya vilima vya kawaida. Akigeuka kushoto au kulia, anakutana na ukingo wa meza. Kutoka Ntendo hadi Muze ni kilomita zisizofika 40, na katika kilomita hizo unashuka karibu kilomita moja nzima kwenda chini.

Zamani hata uso wa meza ulikuwa taabu. Safari ya Tunduma wakati wa masika ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Kisha lami ikaja. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa msaada wa Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani katika miaka iliyofuata mkataba wa mwaka 2008. Ile ya kwenda Mpanda ilifuata kwa vipande, na ya kwenda Matai hadi bandari ya Kasanga nayo ikapata lami. Leo mtu anatoka Sumbawanga asubuhi, anafanya shughuli zake Mbeya mchana, na wala hapigi honi kwa ajili ya tope.

Matokeo yake ni kwamba gari la mtu wa Sumbawanga sasa lina maisha mawili. Maisha marefu ni ya lami, ambako gari lolote zima linatosha. Maisha mafupi ni ya ukingo wa meza, ya changarawe na udongo mwekundu uliolowa, na ya barabara za vijijini ambazo hubaki za udongo hata pale lami inapopita jirani. Mwalimu wetu anataka gari moja la kuishi maisha yote mawili, kwa fedha za mwalimu na muuguzi. Ni haki yake kutaka. Tazameni sasa kama linapatikana.

Tuanze na yale maandishi yanayobandikwa nyuma ya gari: 4WD, AWD na mengine ya namna hiyo. Mafundi wetu wameyatia yote kapu moja wakayaita fowili. Ndani ya kapu hilo vimo vitu vya aina mbalimbali.

Gari la kawaida husukumwa na magurudumu mawili tu. Katikati ya hayo mawili pana difu, na kazi yake ni kuruhusu gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani wakati wa kukata kona. Ni chombo chenye faida, ila kina tabia ya mtoto mvivu: hupeleka nguvu pale penye kazi rahisi. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, hilo ndilo linalozunguka kwa fujo, na lile lililoko pakavu linasimama kimya. Kila aliyewahi kusukuma gari lililokwama analijua jambo hili, hasa yule aliyekaa nyuma yake akarushiwa tope usoni.

Gari la magurudumu manne linatafuta dawa ya tabia hiyo kwa kugawa nguvu mbele na nyuma. Swali ni linagawa vipi, na lini.

Namna ya kwanza ni ya Land Rover za zamani na Land Cruiser za kazi. Dereva anavuta kijiti, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja, na akitaka anaingiza gia fupi za kupandia mlima. Ni namna yenye nguvu kuliko zote. Lakini ukiwa umefunga hivyo huwezi kwenda kwenye lami kavu, kwa sababu katika kona magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na vyuma vikifungwa pamoja vinaanza kushindana. Tena magari hayo ni mazito, ni ya gharama, na mwalimu hakuyauliza. Ndogo wao ni Suzuki Escudo, ambayo baadhi yake zina gia hizo fupi, nami ningemtajia mtu ambaye kazi yake ni kwenda Kilyamatundu kila juma, masika na kiangazi. Kwa familia yenye watoto watatu na mizigo ya shambani, nafasi yake ni finyu.

Namna ya pili ni kuweka difu ya tatu katikati, kati ya mbele na nyuma. Magurudumu yote manne yanasukuma wakati wote, kwenye lami na kwenye tope, na dereva hana cha kubonyeza. RAV4 zilizotoka tangu mwaka 1994 hadi 2005 zilijengwa hivyo, zile za magurudumu manne. Forester za gia za mkono nazo ni hivyo.

Namna ya tatu ndiyo inayowachanganya watu. Badala ya difu ya katikati pana klachi ya sahani nyingi, na kompyuta ya gari ndiyo inayoamua zibanwe kwa kiasi gani. Magari yote matatu ya mwalimu, yakiwa ya gia za kujiendesha yenyewe na ya miaka ya karibuni, yako katika kundi hili. Hata hivyo hayafanani. Katika Forester ya gia nne sahani hizo zimeshikana wakati wote. Hata kwenye barabara kavu sehemu ya nguvu inakwenda nyuma, kwa kawaida kama 60 kwa 40, na mahali pa utelezi zinabanwa zaidi. Katika RAV4 iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2005, na katika X-Trail, gari kwa kawaida linavutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa kazini pakitokea haja. RAV4 ina kitufe cha kuyafunga. X-Trail ina swichi yenye hatua tatu: mawili, yenyewe, na kufunga. Honda CR-V za zamani ziko nyuma zaidi ya hapo, maana zinangoja magurudumu ya mbele yateleze kwanza ndipo za nyuma zisaidie, na hazina kitufe cha kuzihimiza. Hiyo CR-V, mwalimu, tuiache.

Sasa watu wengi wakizungumza habari za fowili wanafikiria kupanda. Wanasema gari hili linapanda, lile halipandi. Katika kupanda, tofauti niliyoieleza si kubwa. Gurudumu la mbele likiteleza, la nyuma linakuja, umechelewa nukta moja au mbili, basi. Gari lisipopanda kabisa utasimama, utashuka, utatafuta mawe na vijana wa kusukuma. Utapoteza saa nzima na shati lako. Hatari ya ukingo wa Ufipa iko katika kushuka.

Dereva anayejua mlima haushuki kwa breki. Anaingiza gia ndogo, injini inalizuia gari, na breki anazigusa tu. Akizikanyaga mfululizo zinapata moto, na zikipata moto zinachoka, na mguu unazama mpaka kwenye sakafu. Lakini injini inalizuia gari kwa kupitia magurudumu gani? Kwa yale inayoyazungusha. Kama injini imeunganishwa na ya mbele tu, basi hayo mawili ndiyo yanayobeba kazi yote ya kuzuia, na hayo hayo ndiyo ya kukata kona. Kwenye udongo uliolowa yakizidiwa yanaanza kuburuzika, na gurudumu linaloburuzika halisikii usukani. Gari linakwenda linakotaka lenyewe, nalo kwa kawaida hutaka kwenda bondeni.

Nilishuka njia ile mwezi Machi mwaka mmoja, baada ya mvua ya asubuhi, tukiwa magari mawili. Mimi nilikuwa katika Forester ya rafiki yangu, nyuma yetu ikaja X-Trail ya ndugu yake. Sisi tuliingia kona ya kwanza yenye mteremko mkali kwa gia ya kwanza, gari likashuka kama mzee anayeshuka ngazi, taratibu, likigusa huku na huku. X-Trail ilipofika kwenye kona hiyo pua yake ilikwenda moja kwa moja, kona ikabaki, na ikasimama kwenye ukingo wa mtaro. Dereva alikuwa ameacha swichi kwenye magurudumu mawili tangu Sumbawanga, kwa ajili ya kuokoa mafuta. Alipofunga swichi, ilishuka njia yote iliyobaki sawasawa na sisi. Sitasema uongo, sikuona tofauti yoyote tena mpaka Muze. X-Trail za kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2007, nyingi zina hata msaada wa kompyuta wa kushukia mteremko, jambo ambalo Forester haikulipata mpaka ile iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2012.

Kwa hiyo X-Trail si gari baya. Ni gari linalomtaka dereva akumbuke. Na mtu anayeshuka mlima ule baada ya kufundisha juma zima, mtoto mmoja analia nyuma na giza linaingia, ni mtu wa kusahau.

Hapa niseme jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Magurudumu manne ya kusukuma hayakusaidii kitu kwenye breki. Kila gari, hata Vitz, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Mwenye Forester anayekimbia kwenye lami ya Laela wakati wa mvua kwa kuamini kwamba ana fowili, siku akitokewa na ng'ombe atasimama pale pale ambapo Corolla ingesimama, au mbele zaidi, kwa kuwa gari lake ni zito. Vijana wengi wamelipenda jina la Subaru kwa sababu ya mashindano ya Safari, ambayo Colin McRae aliyashinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Hao walikuwa na mafundi wanaowafuata kwa helikopta.

Asili yenyewe ya magari haya haikuwa mashindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini ya Japani, lilitaka gari la kuwapeleka wafanyakazi wake kukagua nyaya kwenye milima yenye theluji, gari dogo lenye joto ndani, si lori. Kampuni ya Fuji Heavy Industries, ambayo tangu mwaka 2017 inaitwa Subaru, ikaunganisha magurudumu ya nyuma kwenye gari lake la familia, na mwaka 1972 likatoka Leone la magurudumu manne. Forester ilikuja mwaka 1997. Na kwa kuwa wengi huniuliza zile nyota sita kwenye nembo, hizo ni Kilimia. Subaru ndilo jina la Kijapani la nyota zile zile ambazo wazee wetu walizitazama ili wajue wakati wa kulima.

Tuje kwenye matairi, maana hapa ndipo fedha za watu wengi zinapozama.

Nimesema kwamba katika gari hili mbele na nyuma vimeunganishwa. Hiyo inataka magurudumu yote manne yawe na mzingo mmoja. Watengenezaji wa Subaru hutaka tofauti isizidi milimita 6 hivi katika mzingo. Hebu tupige hesabu. Tairi jipya lina meno yenye kina cha milimita 8. Lililotumika nusu lina milimita 4. Tofauti ya milimita 4 kutoka katikati ya gurudumu inakuwa tofauti ya milimita 25 katika mzingo, mara nne ya kiasi kinachoruhusiwa. Ukifunga matairi mawili mapya nyuma na kuacha yaliyochakaa mbele, ukatoka Sumbawanga kwenda Tunduma, magurudumu ya mbele yatakuwa yamezunguka mara zaidi ya 1,000 kuliko ya nyuma. Mizunguko hiyo yote inamezwa na zile sahani za katikati. Zinasuguana, zinapata moto, na siku moja gari linaanza kugoma kwenye kona kama limeshika breki. Hapo unaambiwa giaboksi imekufa.

Na sisi tunanunuaje matairi? Tunajuana. Tairi likipasuka Jumamosi tunakwenda kwa muuza mtumba, tunachukua lolote linaloingia kwenye rimu, la kampuni nyingine na la umri mwingine, tunaendelea na safari. Kwa gari la magurudumu mawili ni kosa dogo. Kwa Forester ni sumu ya polepole. X-Trail inavumilia zaidi, kwa sababu unaweza kuiweka kwenye magurudumu mawili mpaka upate tairi la kufanana.

Subaru wenyewe walilijua tatizo hili. Katika Forester za zamani za gia nne pana mahali pa kuchomeka fyuzi, penye maandishi FWD, ili mtu aliyefunga tairi la dharura akate nguvu za nyuma kwa muda. Fyuzi ikiwa mahali pake, taa yenye herufi hizo huwaka kwenye dashibodi. Kuna magari yanayouzwa yakiwa na fyuzi hiyo imekaa miezi na miaka, kwa kuwa sahani zimekwisha kufa na mwenye gari hataki mnunuzi asikie linavyogoma kwenye kona. Mwalimu, ukikuta taa hiyo inawaka, au ukikuta imeondolewa balbu, funga mkoba wako. Kadhalika kwa RAV4 na X-Trail, piga magoti utazame chini. Wapo wanaochomoa propela kwa madai ya kuokoa mafuta. Na si kila RAV4 ilizaliwa na propela. Zile za lita 1.8 zilizotengenezwa baada ya mwaka 2000 kwa soko la Japani ni za magurudumu mawili, ingawa kwa nje ni pacha wa zile nyingine.

Habari za injini nitazipitia upesi. Kwenye kimo cha Sumbawanga hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza nguvu karibu asilimia moja kwa kila mita 100. Injini ya nguvu za farasi 140 ikifika Ufipa inabaki na kama 115. Hilo ni sawa kwa magari yote matatu. Forester ya taabo inapona, lakini mafuta yake na matengenezo yake si ya mshahara wa mwalimu. RAV4 za kizazi cha pili za lita 2 kutoka Japani nyingi zina ile injini ya D4, ambayo mafundi wetu wakiisikia hutikisa kichwa, na wana sababu. RAV4 ya kizazi cha tatu ina injini nzuri, lakini ile ya soko la Japani ni ya lita 2.4, kwa hiyo iko kwenye daraja la juu la ushuru wa bidhaa kuliko wenzake wa lita 2. Injini ya Forester imelala ubavu, jambo linaloshusha uzito wa gari na kulifanya litulie. Linamfanya fundi asitulie, kwa kuwa plagi ziko pembeni kabisa na mikono haifiki. Huvuja oili kwenye vifuniko. Zile za kabla ya mwishoni mwa mwaka 2010 zina mkanda wa temingi ambao ukikatika injini inaharibika. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mtu aliyenunua gari la mtumba ahesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwa tumbo, Forester iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2007 iko kama milimita 220 juu ya ardhi. Hao wengine wako kwenye 200 au chini kidogo. Vidole viwili, lakini katikati ya alama za magurudumu ya malori vidole viwili ni jambo.

Sasa vipuri. Hapa shemeji wa Mbeya anastahili kusikilizwa. Vipuri vya Toyota utavipata Sumbawanga kwenye maduka mengi, na fundi yeyote amekwisha fungua Toyota. Vya Subaru mara nyingi utaagiza Mbeya, kilomita zaidi ya 300, au Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,100, na vitakuja kwenye basi kama kifurushi. Siku mbili tatu gari limelala. Fundi aliyesema X-Trail naye ana hoja yake: anaijua. Mimi ningemwuliza fundi huyo swali moja tu, ameshafungua injini ya Subaru mara ngapi? Akijibu kwamba hajawahi, hiyo ni gharama, iandikwe pamoja na bei ya gari. Jambo jingine, gari la namna hii likiharibika njiani halivutwi kwa kuinua magurudumu mawili tu. Linapakiwa lote juu ya lori.

Jibu langu kwa mwalimu nililianza kwa kumwuliza swali. Je, mkewe ameomba uhamisho? Kama ameomba, na kama upo uwezekano wa kuhamia mjini ndani ya mwaka au miwili, basi wasinunue hata moja kati ya haya matatu. Wanunue gari dogo la magurudumu mawili, Corolla au jingine la namna hiyo, lile linalokunywa kidogo na kutengenezwa popote, wafunge matairi mapya, na fedha inayobaki iende kwenye mkopo. Maisha yao yatakuwa ya lami, na kuibeba propela kila siku kwa ajili ya safari mbili za mwaka ni kulisha ng'ombe asiyekamuliwa.

Amenijibu kwamba hajaomba na hataombi. Zahanati ile ina wauguzi wachache, na yeye ndiye mwenyeji wa kina mama wa huko.

Basi nimesema Forester. Ile ya mwaka 2011 au 2012, ya lita 2 isiyo na taabo, kwa kuwa injini yake ina cheni badala ya mkanda na giaboksi ni ile ya gia nne iliyozoeleka. Apime oili kila Jumamosi, maana baadhi ya injini hizo za mwanzo zilipata sifa ya kunywa oili. Kwa umri wake, kama ataiagiza Japani, atakutana na ushuru wa uchakavu. Afanye hesabu kama si nafuu kununua iliyokwisha tembea hapa nchini, baada ya kuangalia taa ile niliyoitaja. Na katika fedha zake atenge, kabla ya kulipa chochote, bei ya matairi matano ya namna moja, manne ya kutembelea na moja la akiba. Asipoweza kutenga fedha hizo, anunue X-Trail, na aandike kwenye karatasi neno FUNGA, alibandike mbele ya usukani.

Lakini nilimwambia na jambo la mwisho, maana nisingelala nikilificha. Usiku ule wa Februari lori lilikuwa limeziba njia. Forester ingesimama nyuma yake, na X-Trail nyuma ya Forester. Chini zaidi, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha siku mbili hakuna hata moja kati ya haya litakalopita kwa matairi ya barabarani. Alichonunua kwa akiba ya miaka saba ni uwezo wa kuondoka saa anayotaka yeye. Mama ataona homa saa kumi na moja jioni, na saa kumi na mbili watakuwa wamefika juu, Ntendo, kabla ya giza na kabla ya malori kuanza kupanda. Kwa hiyo gari, nimemwandikia, lisilale Katandala. Lilale bondeni, kwenye zahanati, na mwenye kujifunza kuliendesha awe mama.